Umenunua nyumba chakavu? Haya usiyaamini

Nyumba za zamani zinauzwa kila siku Kampala, Jinja, Mbale na Masaka, na nyingi bei yake huvutia kwa sababu mwenyewe amechoka nazo. Paa linavuja, ukuta umetoa chumvi, swichi zinaning'inia. Mnunuzi akishakabidhiwa funguo, ushauri humjia kutoka kila upande: shemeji, jirani, fundi aliyeletwa na fundi mwingine. Wengi wao humtakia mema, na bado wanampoteza.

Kazi yangu ni kusimamia ukarabati, na naumia ninapoona familia iliyojikusanyia fedha kwa miaka ikizimaliza kwenye vigae na rangi huku maji yakiendelea kuila nyumba kwa nyuma. Takriban hasara zote nilizoziona zilianza kwa kufunika kitu ambacho hakuna aliyekikagua: ufa chini ya lipu, waya ndani ya ukuta, deni ndani ya makubaliano ya mdomo. Ndiyo maana nayachambua hapa maneno ninayoyasikia mara nyingi.

“Nyumba za Wahindi hazina shida, zilijengwa kwelikweli”

Ukienda Jinja au Mbale utazikuta nyingi, kuta nene, vyumba vyenye dari ya juu, veranda pana. Kuta zenyewe mara nyingi ni nzima kweli. Ila tukumbuke zilivyoishi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na mali walizoacha zikaingia mikononi mwa serikali na bodi iliyoundwa kuzisimamia. Kwa miaka mingi zilikaa wapangaji waliolipa kodi, na wa kuzitunza hakuwapo.

Kilichozeeka zaidi humo hukioni. Mabomba ya chuma hujaa kutu kwa ndani, maji yakatoka kwa kudondoka hata presha ikiwa nzuri. Nyaya za zamani zilivikwa mpira, na mpira huo hukauka ukapasuka. Mbao za kenchi huenda zimeliwa na mchwa hadi zikabaki ganda. Panda darini na tochi na bisibisi, uchome mbao pale zinapokutana na ukuta. Bisibisi ikizama, hesabu yako ya paa imebadilika.

Nyumba za namna hii zina mambo mawili zaidi ya kuangalia. La kwanza ni hati. Sheria iliyotungwa miaka ya mwanzo ya 1980 iliwaruhusu wenye mali kurudi kuzidai, na kesi juu ya mali hizo zimeendelea kwa miongo. Kabla ya kununua hata mfuko mmoja wa simenti, mwambie wakili afuatilie jalada la kiwanja ofisi ya ardhi, ajue nyumba ilitoka kwa nani kwenda kwa nani. La pili ni asbesto. Baadhi ya nyumba za enzi hizo, pamoja na za mashirika na shule, ziliezekwa kwa vigae vya asbesto vya rangi ya kijivu. Vikitulia vizima havina hatari kubwa. Vikikatwa kwa msumeno, vikitobolewa au kuvunjwavunjwa hutoa vumbi linaloharibu mapafu, na madhara yake huja miaka mingi baadaye. Usimruhusu kibarua kuvirusha chini kutoka juu ya paa, wala usivigeuze sakafu ya banda la kuku.

“Unyevu wa ukutani ni kazi ya rangi ya kuzuia maji”

Hili ndilo linalokula fedha kuliko yote, na nitalikalia kidogo.

Maji huingia ukutani kwa njia tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni, au kutoka chini. Ya juu huacha doa karibu na dari au chini ya makutano ya paa, na hukua mvua ikinyesha. Ya ubavuni mara nyingi ni bomba lililotoboka ndani ya ukuta wa bafu au jiko, na doa lake halijali kiangazi wala masika. Ya chini hupanda kutoka ardhini kupitia tofali, kwa kawaida hayavuki mita moja hivi, na huacha mstari wa chumvi nyeupe na lipu inayomeguka kwa mkono. Nyumba nyingi za tofali za kuchoma za zamani hazikuwekewa tabaka la kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, na tofali hizo hunyonya maji vizuri mno.

Sasa fundi wa rangi anakuja, anakwangua, anapaka rangi ghali ya kuzuia maji ndani ya chumba. Maji hayajaenda popote. Yamezibiwa pa kutokea, basi yanapanda juu zaidi na kutokea juu ya mstari wa rangi, au yanaibandua rangi yenyewe baada ya msimu mmoja wa mvua. Simenti nzito ikipigwa juu ya ukuta uliolowa huleta matokeo hayohayo.

Tiba huanzia nje, na sehemu yake kubwa ni ya jembe na koleo. Angalia udongo ulioegemea ukuta. Miaka ya kumwaga marram (udongo mwekundu wenye changarawe) na kutandaza pevu, yaani matofali ya uwanjani, huinua uwanja hadi ukawa juu ya sakafu ya ndani. Uteremshe, angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu. Weka mifereji ya paa na uyapeleke maji yake mbali na msingi. Chimba mtaro upande wa mlimani, kwa sababu Kampala na miji mingine ya vilima huteremsha maji yote ya jirani kwako. Kisha bandua lipu iliyooza hadi kupita mstari wa chumvi kama sentimita 30 na uuache ukuta upumue. Tofali hukauka polepole, wiki kadhaa na pengine miezi. Wengi hushindwa hapo kwa sababu wanataka kuhamia kabla ya sikukuu. Ukipata nafasi, kagua nyumba kati ya Machi na Mei au Septemba na Novemba, mvua zikiwa zimeshika. Nyumba iliyopakwa rangi mpya mwezi wa Januari haikuambii kitu.

“Ufa ni ufa, ziba upige lipu”

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwenye tabia za watu imesadifu. Kwenye nyumba yenyewe, uliza kwanza ufa umetoka wapi. Nyufa nyembamba kama unywele zilizotapakaa kwenye lipu ni za lipu iliyokauka upesi, zizibe ulale. Ufa unaopanda kwa ngazi ukifuata maungio ya tofali, au unaokwenda mshazari kutoka pembe ya dirisha, na upana wake unaingiza sarafu, huo unazungumzia msingi.

Ardhi zetu zinachangia. Juu ya vilima vya Kampala kuna marram ngumu, na mabondeni kuna udongo wa kinamasi unaotulia na kusogea. Nyumba iliyokaa nusu huku nusu kule itapasuka katikati. Miti ya kalitunsi (mikaratusi) iliyopandwa karibu na ukuta hunyonya maji ardhini, udongo wa mfinyanzi ukasinyaa. Magharibi, upande wa Fort Portal, Kasese na Bundibugyo, kuna matetemeko pia. Lile la Machi 1966 liliua watu zaidi ya mia huko Toro na mpakani na Kongo. Nyumba ya huko isiyo na ringi ya zege, yaani mkanda unaozifunga kuta zote kwa juu, naiogopa kuliko yenye nyufa kumi za lipu.

Piga mstari wa penseli kukatisha ufa pale unapoishia, andika tarehe, pima upana, na urudi baada ya msimu wa mvua. Ukisonga, mlipe mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi aje aone. Ada yake ni ndogo ukiilinganisha na ukuta.

“Geji 32 ni nene kuliko geji 28”

Kinyume chake. Geji ni kipimo cha unene wa bati la paa, na namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Geji 28 ndiyo nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Usikubali kuuziwa kwa namba pekee, shika ukingo wa bati uuone.

Na ukitaka kuondoa mabati uweke vigae vya udongo kama vile vya Kajjansi, kumbuka uzito. Mabati hayafiki kilo 5 kwa mita ya mraba, vigae vya udongo huwa karibu 40. Kenchi za zamani hazikutengenezewa mzigo huo.

“Taa zinawaka, basi nyaya ni nzima”

Waya mbovu huwasha taa vizuri hadi siku utakapochomeka pasi, friji na jiko kwa pamoja. Waya uliofungwa kwa ajili ya balbu na redio haubebi maisha ya sasa. Badilisha nyaya kabla ya lipu mpya, siyo baada yake, kwa sababu vinginevyo utaubomoa ukuta ulioulipia. Dai nguzo ya ethi iliyopimwa, yaani kile chuma kinachozikwa ili kuupeleka umeme uliovuja ardhini. Uganda ni nchi ya radi, na nyumba nyingi chakavu nguzo hiyo ilishaibwa au imekatika.

Fundi wa umeme naye si kila mwenye plaisi. ERA, mamlaka inayosimamia sekta ya umeme, hutoa vibali vya ufungaji kwa madaraja. Mwombe akuonyeshe chake. Na kabla ya hayo yote, uliza deni la umeme na la maji lililoachwa kwenye mita, ulimalize na muuzaji wakati bado anapokea simu zako.

“Nyumba ni yangu, kibali cha nini?”

Kupaka rangi au kubadilisha kitasa hakuna atakayekuuliza. Kubomoa ukuta unaobeba paa, kuongeza chumba au kugeuza umbo la paa ni jambo jingine. Sheria ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka kibali cha ujenzi, na kazi ndogo zina utaratibu wake. Kampala huombwa KCCA, mamlaka ya jiji, kwingineko kwenye kamati ya majengo ya wilaya au mji. Kazi ikisimamishwa katikati, paa likiwa wazi, mvua haisubiri kikao cha kamati.

Ukiwa umenunua kibanja kilichoko juu ya mailo ya mtu, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mwingine, kuna la ziada. Sheria inamtaka mwenye kibanja anayeuza ampe kwanza mwenye ardhi nafasi ya kununua. Barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, peke yake haizibi pengo hilo. Usimwage zege juu ya jambo lisilokamilika.

“Mafundi wote ni wezi” na “mpe fedha zote, apate moyo”

Nimeyasikia yote mawili kwa mtu mmoja, ndani ya kazi moja. Alianza kwa kulipa karibu zote, akamaliza kwa kulaani.

Tazama hali ya fundi. Vibarua wake wanataka kulipwa kila jioni au kila Jumamosi. Hana akiba, na kazi ya mteja aliyetangulia ilimwishia fedha njiani. Ukimpa kitita, sehemu yake itakwenda kumalizia nyumba ya yule, kisha atamtafuta mteja wa tatu ili amalize yako. Hakuna haja ya kumwona mwovu. Mpango wa malipo ndio uliomweka hapo.

Kwa hiyo vifaa nunua mwenyewe, Nakasero au Ndeeba kule Kampala, au duka la karibu, na risiti zikae kwako. Mlipe fundi kazi yake kwa hatua zinazoonekana: paa limebadilishwa na limepita mvua moja, nyaya zimepitishwa na zimepigwa picha kabla ya lipu, mabomba yamejazwa maji usiku mzima bila kuvuja. Tuma kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Bakiza kama asilimia 10 hadi mvua kubwa ipite, na mwambie hivyo tangu siku ya kwanza, asije akadhani umemdhulumu mwishoni.

Andika. Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba wowote unaozidi pointi 25 za fedha uwe wa maandishi, na pointi moja ni shilingi 20,000. Hiyo ni shilingi 500,000 tu, na ni kazi chache za ukarabati zisizofika hapo. Ukurasa mmoja unatosha: kazi gani, vifaa vya nani, hatua na kiasi, tarehe, na kinachofanyika ukibadilisha mawazo.

Hicho cha mwisho wenye nyumba hukisahau. Ugomvi mwingi niliosuluhisha ulianza kwa mwenye nyumba aliyesogeza mlango baada ya ukuta kupigwa lipu, au aliyechelewesha simenti siku tatu huku vibarua wamekaa chini ya mwembe wakihesabiwa posho. Kila badiliko liandikwe na bei yake kabla ya nyundo kuinuliwa, na siku ambazo vifaa vilichelewa zihesabiwe kwako.

Na fundi mzuri unampataje? Usimuulize kazi ya mwezi uliopita, maana kila lipu ya mwezi uliopita inapendeza. Mwambie, kwa heshima zote, “Fundi, naomba unipeleke kwenye nyumba uliyoifanya mwaka juzi.” Nyumba hiyo imeshapita misimu kadhaa ya mvua, na mwenyewe yupo wa kuulizwa.