Chemchemi ya Maji Moto: Ipi ya Kuoga, Ipi ya Kutazama

Katika mji wa Beppu, kisiwani Kyushu nchini Japani, kuna mabwawa ambayo wenyeji huyaita jehanamu. Moja lao, Umi Jigoku, lina maji ya buluu kama bahari na joto la nyuzi karibu 98 za Selsiasi. Wageni hulipa kiingilio, hutazama mvuke, hupiga picha na kuondoka. Mitaa michache kutoka hapo, watu wamejiloweka hadi mabegani katika maji yanayotoka ardhi ileile, wametulia. Haya ya pili yamepozwa kabla mtu hajaingia.

Kwa hiyo, ukitaka kwenda kujiloweka kwenye chemchemi ya asili, anza kwa kuuliza maji yake hupozwa vipi, na kama kuna anayesimamia kazi hiyo. Habari za madini na urembo wa ngozi zinaweza kusubiri.

Maji hayo mara nyingi huanza kama mvua. Hupenya kwenye nyufa za miamba na kushuka chini, na katika sehemu nyingi za dunia joto la miamba huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja. Karibu na volkano huongezeka kwa kasi zaidi. Yakipata ufa wa kupandia, hurudi juu kabla hayajapoa. Maji ya Hot Springs, jimbo la Arkansas nchini Marekani, yalinyesha kama mvua miaka 4,400 hivi iliyopita, nayo hutoka ardhini yakiwa na nyuzi 62 hivi. Yangeweza kutoka na nyuzi 30 au 95, kwa kutegemea tu kina, mwamba na mwendo wa maji. Hata sheria ya Japani ya mwaka 1948 inayohusu chemchemi hizo inaanzia kwenye nyuzi 25 tu pale maji yanapotoka, na maji ya baridi kuliko hapo hukubaliwa yakiwa na kiasi fulani cha madini yaliyotajwa. Jina la chemchemi, basi, halikuambii joto lake.

Njia rahisi ya kupoza ni kuchanganya na maji baridi kwa bomba. Mabafu ya Széchenyi mjini Budapest, yaliyofunguliwa mwaka 1913, hupata maji ya zaidi ya nyuzi 70 kutoka visima virefu, lakini mabwawa yenyewe yana joto la kuogea. Huko Deildartunguhver, Iceland, maji yenye nyuzi 97 hububujika kwa kiasi cha lita 180 hivi kila sekunde. Mengi hupelekwa kwa mabomba kupasha joto nyumba za miji ya mbali, na mabafu yaliyo jirani huyachanganya na maji baridi. Chemchemi yenyewe imezungushiwa uzio. Kwa anayesafiri mara ya kwanza, au mwenye watoto na wazee, sehemu za namna hii ndizo za kuchagua, hata kama pichani hazivutii kama bwawa la porini. Kuna mtu anayepima joto na maji hubadilishwa.

Kusatsu, pia Japani, hufanya tofauti. Maji yake ni ya tindikali kali, pH (kipimo cha utindikali; maji safi huwa karibu 7) ni karibu 2, na hawapendi kuyazimua. Huyapitisha kwenye mifereji mirefu ya mbao ili hewa iyapoze, na kuna desturi ya kuyakoroga kwa mbao pana hadi yavumilike. Hata hivyo huogewa yakiwa ya moto kuliko ilivyo kawaida kwingineko, kwa hiyo mgeni aingie kwa dakika chache tu. Vito vya fedha viachwe chumbani, maana hugeuka vyeusi. Usinyoe siku hiyo: mkwaruzo usiouona kwa macho utauhisi ndani ya maji hayo.

Kisha kuna kupozwa na maumbile yenyewe, na hapa ndipo makosa mengi hutokea. Katika bonde la Reykjadalur, Iceland, mito ya moto na ya baridi hukutana, na watu hujilaza mtoni baada ya kupanda kwa miguu kama saa moja. Ukipanda juu maji yanazidi joto, ukishuka yanapoa. Anza chini, upande polepole ukipima. Kosa la kawaida ni kupima juu ya maji kisha kukaa chini, ilhali mara nyingi maji moto huelea juu ya baridi, na pengine chemchemi ndogo hutokea sakafuni, chini ya kokoto. Pima juu, katikati na chini, na umbali wa hatua moja kila upande. Kipimajoto cha jikoni chenye ncha ya chuma kinatosha, mradi kinafika nyuzi 100. Usitumbukize mkono kwanza ukitarajia kuuondoa haraka. Maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi vibaya kwa muda wa sekunde tano hivi.

Mfano mzuri zaidi wa kupoza kwa mkono wako mwenyewe ni Hot Water Beach, kwenye rasi ya Coromandel, New Zealand. Maji ya hadi nyuzi 64 hupenya mchangani, nawe huchimba bafu lako kwa koleo. Kuna nafasi ya saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa na saa mbili baada yake. Nje ya hapo bahari imefunika. Ukichimba juu ya mshipa wenyewe utaunguza nyayo. Chimba pembeni, jenga ukingo wa mchanga upande wa bahari, halafu acha mlango mdogo ambao mawimbi yataingiza maji baridi kupitia kwake, uufungue na kuuziba kadiri unavyotaka. Mabafu ya jirani yakifurika hukuletea maji moto ghafla, kwa hiyo usisinzie. Na usiende kuogelea baharini ili kujipoza: ufuko huo una mikondo inayovuta watu.

Joto la kujiloweka kwa raha ni nyuzi 37 hadi 39. Kwa mtu mzima mwenye afya, 40 ndio ukomo wa busara, tena kwa dakika 10 hadi 15, kisha atoke, anywe maji, apumzike. Ndani ya maji moto mwili hauwezi kujipoza kwa jasho, na mishipa ya damu hutanuka. Ukisimama kwa ghafla damu hukimbilia miguuni, kichwa kinazunguka, unaanguka kwenye jiwe linaloteleza. Kaa kwanza ukingoni kama dakika moja, miguu ikiwa bado majini. Pombe huongeza utanukaji huo wa mishipa na kuondoa hisia ya hatari. Ni sababu mojawapo ya watu kuzama katika maji yasiyozidi kifua. Mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, na mjamzito hasa katika miezi mitatu ya mwanzo, azungumze na daktari kabla ya safari. Watoto wadogo hupata joto haraka kuliko mzazi anavyodhani, kwa hiyo wapewe maji ya vuguvugu.

Harufu ya mayai viza ni ya gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Kidogo cha gesi hiyo mahali pa wazi penye upepo kwa kawaida ni kero tu. Hatari ni pale inapokusanyika, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa na hutulia kwenye mapango, mashimo na mabafu yaliyofungwa madirisha. Ikizidi, hulemaza uwezo wa kunusa. Kwa hiyo harufu ikitoweka ghafla huku macho yakiwasha au kichwa kikiuma, toka nje upesi. Kabonidioksaidi nayo hutulia chini, na yenyewe haina harufu kabisa. Usiogee kwenye shimo au pango lisilopitisha hewa.

Weka pua juu ya maji. Amiba (kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho) aitwaye Naegleria fowleri huishi katika maji yasiyo na chumvi yaliyopata joto, na hustahimili hadi nyuzi 46 hivi. Akimezwa hana madhara. Akiingia na maji puani hufika kwenye ubongo, na karibu wote wanaougua hufariki. Ni ugonjwa wa nadra sana, lakini huko Bath, Uingereza, msichana mmoja aliugua na kufa mwaka 1978 baada ya kuogelea katika maji ya bafu la Kirumi. Tangu hapo bafu hilo la kale ni la kutazama, na waogaji hupelekwa kwenye jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2006 ambako maji husafishwa. Katika chemchemi isiyosafishwa usipige mbizi, usiruke, na watoto wasirushiane maji usoni. Homa, kichwa kuuma sana, kutapika au shingo kukakamaa ndani ya siku 12 ni sababu ya kwenda hospitali na kumwambia daktari waziwazi kuwa uliogea maji moto ya asili.

Usitegemee taarifa ya zamani. Pango la Grjótagjá, Iceland, lilikuwa la kuogea hadi milipuko ya volkano ya Krafla, kati ya 1975 na 1984, ilipopandisha joto la maji hadi zaidi ya nyuzi 50. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, sehemu maarufu ya Boiling River ilifungwa baada ya mafuriko ya Juni 2022. Ziwa Bogoria nchini Kenya lina chemchemi zinazochemka na kurusha maji, ambazo ni za kutazamwa kwa mbali. Mahali pa namna hiyo ukoko unaozunguka chemchemi huweza kuonekana kama mwamba imara kumbe ni tabaka jembamba juu ya maji yanayochemka. Tembea kwenye njia iliyotengwa tu.

Adabu za kuoga zina sababu zake. Iceland na Japani hutaka uoge kwa sabuni kabla ya kuingia, kwa kuwa mabwawa mengi hayatiwi klorini au hutiwa kidogo. Pamukkale, Uturuki, ngazi zake nyeupe ni chokaa iliyogandamana maji yanapopoteza gesi, na viatu huvuliwa ili visiiharibu. Huko Blue Lagoon, Iceland, ambako maji kwa kweli hutoka kwenye mtambo wa jotoardhi, madini ya silika yaliyomo majini hukakamaza nywele: zipake kilainisho na uzifunge kabla ya kuingia.

Mtu akitumbukia kwenye maji yanayochemka, usimfuate. Mwaka 1981 huko Yellowstone kijana mmoja alijitosa kwenye maji ya nyuzi zaidi ya 90 kumwokoa mbwa, akafa siku iliyofuata. Mvute kwa fimbo, kamba au nguo ukiwa mahali imara. Mvue nguo zilizolowa, ila zilizonata kwenye ngozi ziache. Mwagia jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila barafu, mafuta wala dawa ya meno. Lifunike kwa kitambaa safi, na mfunike mwili uliobaki asipatwe na baridi wakati mkisubiri msaada.