Hakuguswa na mtu, na bado ameumia: dhana potofu za jukwaani Mkwakwani

Siku ya mechi Tanga, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Ngamiani hadi kwenye mageti ya Mkwakwani, mashabiki wa Coastal Union hulalamikia mambo matatu: kiwango kimeshuka, majeruhi hawaishi, wachezaji hawajitumi. Husemwa kana kwamba kila jambo lina chanzo chake. Kumbe yanashikana. Tusipolielewa jeraha tunamhukumu aliyeumia, hukumu hiyo inamrudisha uwanjani kabla hajapona, anaumia tena, na hapo ndipo kiwango cha timu kinaposhuka kweli.

"Hakuguswa na mtu. Huyu kachezewa, karogwa."

Hii ndiyo dhana inayowaumiza wachezaji wengi zaidi, kwa hiyo inastahili kuelezwa taratibu.

Winga anakimbia kumzuia beki, anapiga breki, anageuka ghafla, anaanguka na kushika goti. Hakuna mtu karibu naye. Jukwaani watu wanatazamana na neno "kamati ya ufundi", yaani watu wa ushirikina wa timu pinzani, linaanza kupita kwa sauti ya chini. Ukweli ni kwamba ligamenti (ukanda mgumu unaoshikanisha mifupa) ya katikati ya goti, ile ambayo madaktari huiita ACL, mara nyingi hukatika hivyo hivyo, bila goti kupigwa na mtu. Unyayo unakuwa umeng'ang'ania nyasi, mwili unageukia upande mwingine, goti linaingia ndani huku likiwa limekunjwa kidogo tu. Uzito wote wa mwili unaishia kwenye ligamenti isiyozidi unene wa kidole. Wengi husikia mlio, "pop", na goti huvimba ndani ya saa chache kwa sababu damu inavujia ndani ya kiungo.

Anayeamini kwamba mchezaji kachezewa atampeleka kwa mganga badala ya daktari. Wiki 3 zinapita, uvimbe unapungua, mchezaji anatembea vizuri na watu wanasema dawa imefanya kazi. Anarudi mazoezini, anageuka mara moja, goti linateguka tena, na safari hii linachana na gegedu zake, mito laini iliyo kati ya mifupa. Jeraha la kwanza lilikuwa la kutibika vizuri. La pili linaweza kummaliza kabisa.

"Eksirei imetoka safi. Anatega."

Eksirei huonyesha mifupa. Ligamenti, gegedu na nyama hazionekani humo, kwa hiyo picha "safi" maana yake ni kwamba hakuna mfupa uliovunjika, basi. Ligamenti hupimwa kwanza kwa mikono: daktari anayezijua tiba za michezo hukunja goti kidogo, hushika paja kwa mkono mmoja na mguu wa chini kwa mwingine, kisha huvuta mbele na kulinganisha na goti zima. Kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata nyama na ligamenti, ndicho kinachothibitisha. Kumwita mtu mtegaji kwa sababu ya eksirei ni kumdhulumu.

"Mkandeni kwa maji ya moto, mchueni vizuri, kesho atakuwa sawa."

Nyama ikichanika, mishipa midogo ya damu ndani yake inachanika pia. Maji ya moto huipanua mishipa hiyo, na kuchua kwa nguvu huisugua iendelee kuvuja. Damu ikizidi, uvimbe unazidi na uponaji unachelewa. Kwa saa 48 hadi 72 za mwanzo, weka kando maji ya moto, mafuta ya kuchua na pombe. Kinachofaa ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa (isiguse ngozi moja kwa moja), dakika 15 hadi 20, kisha kupumzisha na kurudia baada ya saa 2 hivi. Funga bandeji ya kubana isiyokata damu, inua mguu juu ya usawa wa moyo.

Mchezaji aliyepigwa goti la mpinzani kwenye paja ndiye wa kuangaliwa zaidi. Paja hilo likichuliwa kwa nguvu siku za mwanzo, chembechembe za mfupa zinaweza kuota ndani ya nyama. Mchua misuli anayejua kazi yake hatagusa hapo.

"Kabanwa na misuli tu, mvuteni mguu."

Huenda ni kweli, huenda si kweli, na tofauti inaonekana hata kutoka jukwaani. Kubanwa na misuli huja dakika za mwisho, mara nyingi kwenye shavu la mguu, nyama inakuwa ngumu kama jiwe, na ukivuta mguu anapata nafuu palepale. Kuchanika huja ghafla, kwa kawaida akiwa katika mbio kali: anashika sehemu moja nyuma ya paja kama aliyepigwa jiwe. Huyo ukimvuta mguu unapanua mpasuko. Atolewe.

"Wiki 2 zimepita, mbona hachezi?"

Majeraha ya nyama za nyuma ya paja yana madaraja. Daraja la 1, nyuzi chache zimevutika: wiki 1 hadi 3. Daraja la 2, sehemu ya nyama imechanika: wiki 4 hadi 8. Daraja la 3, imekatika kabisa: miezi 3 au zaidi, wakati mwingine kwa upasuaji. ACL iliyofanyiwa upasuaji haipaswi kurudi kwenye ushindani kabla ya miezi 9. Kwa hiyo taarifa ya klabu inayosema tu "anasumbuliwa na nyama za paja" haijamwambia shabiki lolote. Swali la kuuliza ni daraja gani.

Kutosikia maumivu hakutoshi. Mchezaji yuko tayari anapoweza kukimbia kwa kasi yake yote mara kadhaa bila kusita, anapobonyezwa mahali palipoumia asisikie kitu, na nguvu ya mguu ulioumia inapofikia angalau asilimia 90 ya ule mzima. Njia rahisi isiyohitaji mashine ni kuruka mara 3 mfululizo kwa mguu mmoja na kupima umbali kwa futi ya fundi: mguu mzima ukifika mita 6, ulioumia ufike mita 5.4.

Hata klabu tajiri za Ulaya zinahangaika na hili. Ufuatiliaji wa klabu zinazocheza mashindano ya UEFA kati ya 2001 na 2022 ulionyesha majeraha ya nyuma ya paja yamepanda kutoka asilimia 12 ya majeraha yote hadi 24. Karibu 1 kati ya 5 yalikuwa ya kujirudia, na mengi ya hayo yalitokea ndani ya miezi 2 baada ya mchezaji kurejea. Na hizo ni timu zinazosafiri kwa ndege. Ya kwetu inayotoka Tanga kwenda Mwanza kwa basi inakaa barabarani zaidi ya kilomita 1,000, kisha inatakiwa kukimbia kwenye jua la saa 10 alasiri.

Kinga ipo, na haina gharama. Mchezaji apige magoti, mwenzake amshike enka kwa nguvu, ainame mbele polepole mwili ukiwa umenyooka, akijizuia kwa nyuma ya mapaja hadi ashindwe na kudaka ardhi kwa mikono. Wiki ya kwanza ni siku 1 tu, seti 2 za mara 5. Hupandishwa taratibu hadi siku 3 kwa wiki, seti 3 za mara 8 hadi 12. Zoezi hili hupunguza majeraha ya nyuma ya paja kwa takriban nusu. Linaposhindikana ni kwa sababu timu huanza na seti nyingi, wachezaji wanaumwa mapaja siku 3, wanaliacha. Lifanywe mwisho wa mazoezi, si siku moja kabla ya mechi. Timu za mchangani zinaweza kuanza Jumatatu hii.

"Mechi 5 hatujashinda, kocha aondoke."

Ligi ina timu 16, mechi 30. Chukua timu nzuri ya kati inayoshinda mechi 12 kwa msimu. Hata kama ubora wake haubadiliki kabisa, uwezekano wa kupitia mechi 5 mfululizo bila ushindi mahali fulani ndani ya msimu ni karibu 2 kati ya 3. Ni hesabu tu, hakuna aliyeharibu kitu. Kabla ya kumfukuza mtu, tazama ratiba: je, kati ya hizo 5 kulikuwa na Simba, Yanga na Azam? Ngapi zilikuwa ugenini? Mabeki wangapi wa kwanza walikuwa nje?

Huko Uholanzi matokeo ya timu zilizofukuza makocha yalilinganishwa na ya timu zilizoporomoka vilevile lakini zikamvumilia kocha. Zote zilipanda, kwa kiwango kinachokaribiana. Mabao nayo si kipimo pekee: Coastal iliyomaliza nafasi ya 4 msimu wa 2023/24 na kukata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika ilijengwa juu ya ulinzi, na kipa wake Ley Matampi akatoka kipa bora wa ligi.

"Kipa kauza."

Kosa la kipa huonekana kwa sababu nyuma yake kuna nyavu. Kiungo akipoteza mipira 10 hakuna anayehesabu. Tuhuma ya kuuza mechi ni tuhuma ya jinai. Bila ushahidi isitamkwe.

"Tukiwazomea ndiyo wanaamka."

Kelele za mashabiki zina nguvu ya kweli, na mwaka 2020 ilipimwa. Ligi ya Ujerumani iliporudi Mei bila watazamaji, timu za nyumbani zilishinda mara chache zaidi, na ule mtindo wa wageni kulimwa kadi nyingi kuliko wenyeji ukapungua. Kelele zinamfikia mwamuzi. Sasa Wagosi, mashabiki wa Coastal, wakizielekeza kelele hizo kwa beki wao wenyewe, wanampa mgeni faida yao kwa mikono yao. Beki anayezomewa huacha pasi ya mbele na kurudisha mpira kwa kipa, kisha anazomewa kwa kurudisha.

Kibaya zaidi ni asiyoyasema. Mchezaji aliyeitwa mtegaji mara moja, safari nyingine paja likimvuta dakika ya 60 atanyamaza, hatamwambia hata daktari wa timu. Dalili zake zinaonekana kutoka jukwaa la jua: hatua zimekuwa fupi, haufuati tena mpira mrefu, mkono unapita nyuma ya paja kila mchezo unaposimama. Ukiona mkono umekwenda pale mara ya pili, piga kelele kuelekea benchi atolewe, na akitoka mpigieni makofi.