Mjusi Kafiri Hana Sumu, Chunga Kinyesi Chake

Mjusi akianguka kwenye sufuria ya mchuzi, nyumba nyingi za Mombasa humwaga chakula chote na kusema kimeingia sumu. Kumwaga ni sawa, lakini sumu haipo. Mjusi kafiri hana tezi ya sumu na mate yake hayaui mtu. Sisi wa afya ya jamii tunahofia zaidi kile kidonge cheusi chenye ncha nyeupe unachokikuta asubuhi mezani, dirishani, au ndani ya kikombe kilicholala wazi. Ncha ile nyeupe ni mkojo wake uliokauka. Sehemu nyeusi imetoka utumboni, na humo ndimo wanamoishi bakteria wa salmonela.

Mjusi mwenyewe haumwi nao, kwa hivyo huwezi kumjua kwa kumtazama. Kinyesi chake kikiangukia chakula chenye majimaji, kama mbaazi za nazi zilizopikwa jioni zikaachwa mezani zingoje mahamri ya asubuhi, joto letu hufanya kazi iliyobaki: bakteria wachache huwa mamilioni. Kuharisha, homa na msokoto wa tumbo huanza baada ya saa 6 hadi 72. Watu wazima wengi hupona ndani ya wiki. Mtoto wa chini ya miaka 5 au mzee akianza kuharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya duka la dawa mapema, na ukiona damu kwenye choo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Taifodi, hata hivyo, tusimsingizie. Salmonela wa taifodi ni wa aina nyingine, na makao yake ni binadamu peke yake. Ukipimwa ukakutwa nayo, angalia maji unayokunywa na choo kilicho karibu.

Vimelea vya mjusi navyo vipo: utitiri mwekundu kwenye vidole, na mapafuni viumbe kama minyoo anaowapata kwa kula mende. Wengi hawana haja na sisi. Mwenye paka ndiye wa kuwa macho, kwani katika nchi za joto kuna mnyoo bapa, Platynosomum, ambao paka huupata kwa kula mijusi. Hukaa kwenye mirija ya nyongo, na wakizidi paka hukonda, hutapika, ufizi ukawa wa manjano.

Kwa chakula, kawa la ukindu la bibi zetu naliamini kuliko dawa yoyote ya kupuliza, mradi ukingo wake ukae sawasawa mezani. Mjusi hupenya hata penye upenyo mdogo. Kiporo kichemke kwelikweli, kisipate moto juu juu tu. Tangi la paani lisikose mfuniko. Kinyesi usikifagie kikavu: kilowanishe kwa maji ya sabuni, kifute, kisha pitisha dawa ya klorini.

Na nyuma ya picha ukutani au kwenye sanduku la mita ya stima utakuta viyai viwili vyeupe, vigumu kama shanga. Watoto huviokota wakavichezea. Waoshe mikono kwa sabuni kabla hawajarudi kwenye sahani ya kaimati.