King Majuto alijua kungoja

Watu wakimtaja King Majuto, yule mchekeshaji wa Tanzania, kwanza husifu sura: ati ukimwona tu, unacheka. Mimi nafundisha vijana uigizaji hapa Malindi na neno hilo silikubali, maana linamnyima mzee jasho lake. Kilichomfanya Majuto awe Majuto ni kungoja.

Jina lake hasa ni Amri Athumani, mtu wa Tanga, mzaliwa wa 1948. Alianza kuchekesha watu jukwaani angali mtoto, zamani sana kabla ya kamera. Hapo ndipo pa kumwelewa. Katika Tanzania ya miaka ya 1980, vichekesho vilikuwa sehemu ya maonyesho ya vikundi vya utamaduni, usiku mmoja na ngoma, sarakasi na taarab. Waigizaji hawakukariri maandishi. Walipatana kisa, nani aingie lini na mambo yaishie wapi, halafu maneno yakazaliwa palepale. Katika kazi hiyo usipomsikiliza mwenzako umekwisha, maana hujui atakuambia nini. Na watazamaji nao sharti uwasikilize: kicheko kikipanda, ukisema juu yake neno lako limepotea bure.

Zilipokuja kanda za video, kisha diski, Majuto aliingia na ujuzi huo mzima. Filamu zake nyingi ni za fedha kidogo: kamera imesimama pahali pamoja, sauti inakoroma, mandhari ni ua wa nyumba ya mtu. Yeye haikumsumbua, kwa sababu kamera iliyosimama ilimpa nafasi ileile ya jukwaani.

Mtazameni akiwa na Sharo Milionea, yule mchekeshaji kijana aliyefariki kwa ajali ya gari mkoani Tanga mwezi wa Novemba 2012. Sharo anaingia na mikogo, maneno yanamtoka kama maji. Mzee hamjibu. Anamwangalia, anaacha mikogo ile ijimalize yenyewe, na wewe uliyekaa kwenye mkeka umeshaanza kucheka kabla hajafungua kinywa. Na akijibu hajibu kama mtu anayechekesha. Anajibu kama baba mtu aliyeudhika kwelikweli. Vijana wangu hapo ndipo wanapokwama. Nawapa zoezi la watu wawili, mmoja anaomba kukopeshwa, mwingine hataki kutoa, na kila mara mwenye pesa hurukia jibu kabla mwombaji hajamaliza. Namwambia: ngoja, mwanangu, tuone kwanza unavyoumia.

Huku pwani tulimpokea kama mtu wa nyumbani. Kiswahili chake cha Tanga kilitua vizuri masikioni mwetu, na yule mzee aliyekuwa akimwigiza, mkali, mwenye tamaa, anayetaka heshima hata pale asipostahili, kila mtaa wa Malindi unaye.

Si kila alichocheza ni kizuri. Visa vingine vinajirudia, na wanawake mara nyingi wameandikiwa kugomba au kutongozwa tu, jambo linaloniudhi mpaka leo. Lakini hata katika filamu dhaifu utamkuta yeye yuko kazini, anasikiliza.

Alifariki tarehe 8 Agosti 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Mwaka huohuo, akiwa mgonjwa, mikataba yake ya matangazo ya biashara ilizungumzwa hadharani, watu wakiuliza mtu anayejulikana na kila mtoto amefaidika na nini. Mimi swali hilo nalipeleka darasani, na mkataba tunausoma mstari kwa mstari kama tunavyosoma mchezo.

Wachekeshaji waliokuja baadaye wana njia zao. Joti, kwa mfano, hubadilika mavazi na sauti, leo mzee, kesho mtoto, na anafanya hivyo kwa ustadi mkubwa. Majuto alibaki mzee yuleyule.

Kama hujamtazama siku nyingi, anza na zile alizocheza na Sharo. Zima sauti dakika tano, usimwangalie anayesema, mwangalie mzee.