Je, wajua kwa nini sukari hujificha kwa wazee?

Unguja na Pemba nani asiyezijua dalili za maradhi ya sukari? Kiu isiyokatika, kwenda msalani usiku kucha, kukonda. Zamani watu wakitazama hata kama chungu wamejaa pale mtu alipokojoa. Dalili hizo ni za kweli, lakini kwa mtu wa miaka 70 mara nyingi hazionekani, au huja kwa uchache hata zisimshughulishe mtu.

Figo ndizo zenye siri hiyo. Damu ikipita kwenye figo, sukari iliyomo hurudishwa mwilini. Ikizidi kiasi, karibu 10 kwenye mashine ya kutoboa kidole (kwa kipimo cha mmol/L), figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka na mkojo huku ikivuta maji. Hapo ndipo mtu hukojoa sana na kushikwa na kiu. Umri ukienda, kile kiasi nacho hupanda. Sukari inaweza kupita 10 na mzee akalala vizuri mpaka adhana ya alfajiri. Tena kiu yenyewe hupungua uzeeni, kwa hivyo hata maji yakimpungukia mwilini haombi. Kinachobaki ni uchovu, ukungu wa macho, kusahau, kuanguka, kidonda kinachochelewa kupona. Sisi nyumbani husema, "Uzee huo," tukamfunika shuka.

Na kwa nini sukari ipande uzeeni? Baada ya kula, sehemu kubwa ya sukari iliyo kwenye damu huchukuliwa na misuli, na insulini inayotoka kwenye kongosho ndiyo inayoifungulia mlango. Aliyekuwa akipanda mikarafuu, akilima na kwenda kwa miguu, alikuwa na misuli ya kuila. Misuli hiyo huanza kupungua tangu umri wa miaka ya thelathini, na mtu akikaa kitako hupungua haraka zaidi. Mafuta yakijaa tumboni na kwenye ini, insulini haifanyi kazi kama zamani, na kongosho nalo limeshachoka. Sahani lakini ni ile ile: boflo na chai asubuhi, wali wa nazi mchana. Siwapendi wanaowasema wazee kuwa wamejitakia kwa kupenda halua. Hata muhogo usiotiwa chembe ya sukari, ukishaingia tumboni hugeuka sukari.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na maradhi haya, na zaidi ya wanne katika kila kumi hawajijui. Zanzibar ilianza kuwalipa Pensheni Jamii wenye miaka 70 na zaidi Aprili 2016. Mimi ningependa kila mzee anayekwenda kujiandikisha atobolewe kidole siku ile ile. Asipokula kitu tangu usiku na kipimo kikasoma 7 au zaidi, arudiwe kupimwa kuthibitisha.

Hata anayetumia dawa hafai kuachwa na lile neno "uzee huo". Akimeza baadhi ya vidonge au kupigwa sindano ya insulini kisha asile, sukari huweza kushuka kupita kiasi. Kijana hutetemeka na kutoka jasho. Mzee pengine huanza kusema maneno yasiyoeleweka tu. Akiwa anaweza kumeza, apewe chai ya sukari mara moja. Akiwa hawezi, asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali.

Jirani yetu mmoja, huko Wete, Pemba, alirudi msikitini baada ya adhuhuri na ndara moja.

"Baba, ndara ya pili iko wapi?" binti yake akamuuliza.

"Si ninayo mguuni?"

Ilimvuka njiani, hakuhisi. Sukari ya miaka mingi ilikuwa imeshaharibu mishipa ya fahamu ya nyayo. Binti alipomkalisha barazani na kuugeuza ule mguu, akakuta kipande cha chupa kimezama kisiginoni na nyama imeshaanza kugeuka rangi. Mzee hakuwa amelalamika hata siku moja. Hospitali walimpima: 19. Kiu hana, msalani usiku haendi.

Mguu ulipona, kwa miezi. Siku hizi akitia udhu, mjukuu wake huchutama mbele yake na kitambaa kikavu, akamfuta baina ya vidole, kimoja kimoja, kisha akaunyanyua mguu kutazama chini ya wayo.