Reli iliyoachiwa baiskeli

Jumapili asubuhi vijana wa baiskeli wanaotoka mjini kwenda Mazeras hupita karibu na kwangu hapa Miritini, na wakirudi husimama kunywa madafu. Juzi mmoja wao, jasho bado linamtiririka, akaniuliza: "Mzee, ile njia ya zamani ya treni haiwezi kuwa njia ya baiskeli, tukaachana na haya malori?" Nilicheka, lakini swali lilinikaa. Nimetumika miaka mingi kwenye genge la kutunza njia ya reli. Nilianza kibarua wa kushindilia kokoto chini ya mataruma, nikastaafu nyapara. Na reli iliyogeuzwa njia ya baiskeli nimeipanda kwa miguu yangu, ingawa ni mbali na Pwani.

Binti yangu ameolewa Wellington, Nyuzilandi. Kaskazini mashariki mwa mji huo kuna milima ya Remutaka. Treni ya kwenda Wairarapa, eneo lililo ng'ambo ya milima hiyo, iliivuka kwa juu kuanzia 1878 hadi 1955, lilipofunguliwa handaki la kilomita 8.8 chini kwa chini. Reli za juu zikang'olewa, tuta na mahandaki ya zamani yakabaki, na tangu 1987 hiyo ni njia ya waenda kwa miguu na baiskeli.

Sasa, kwa nini njia ya treni imfae mtu wa baiskeli? Kwa sababu treni haiwezi mlima. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza haraka, kwa hivyo mjenzi wa reli huuzunguka mlima, huukata, hujaza bonde, ilimradi mwinuko ubaki mdogo na wa aina moja. Ndiyo maana reli yetu ya zamani ilipofika Mazeras ikajizungusha ili kupata kimo, huku barabara ikikata tu moja kwa moja na kuwatoa vijana roho.

Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme wewe na baiskeli yako mna kilo 90. Kwenye mwinuko wa moja kwa hamsini, yaani unapanda mita moja kila ukienda mita hamsini, ni kama kuna kamba inayokuvuta nyuma kwa uzito wa kidumu chenye maji yasiyotimia lita mbili. Unakivuta huku ukipiga soga. Kwenye moja kwa kumi na tano, kidumu kinakuwa cha lita sita.

Na hiyo moja kwa kumi na tano ndiyo Remutaka, upande wa mashariki, kwa karibu kilomita tano. Injini ya kawaida hapo ingezungusha magurudumu pale pale ilipo. Wajenzi wakatumia ufundi wa Fell: reli ya tatu katikati, imelazwa ubavu na kuinuliwa juu kidogo ya zile mbili, na chini ya injini magurudumu yaliyolala yanayoibana kushoto na kulia, kama unavyobana muwa kwenye mashine ya juisi. Treni nzito ilifungwa injini mpaka tano, nyingine zikiwa zimechomekwa katikati ya mabehewa, na bado ilipanda kwa mwendo ambao mtu wa baiskeli angeipita. Nilipoiona injini moja iliyobaki, namba 199, kwenye jumba la makumbusho la Featherston, mji ulio upande huo wa mashariki, niliinama kuchungulia chini yake mpaka mjukuu wangu akaona haya. "Babu, watu wanakutazama."

Sisi tulishukia treni Maymorn tukapandia upande wa Wellington, ambao ni mpole. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Gia moja inatosha muda mrefu, maana mwinuko haubadiliki ovyo. Kuna siri ndogo ambayo mtu asiyefanya kazi ya njia hataijua: kwenye kona, mjenzi wa reli hupunguza mwinuko kidogo, kwa kuwa kona yenyewe tayari inaisugua treni. Baiskeli haisuguliwi hivyo, kwa hivyo kona inakuwa mapumziko ya miguu. Na mahali ukiona pedeli zimelegea ghafla, tazama pembeni. Pengine palikuwa na stesheni, kwa sababu treni haisimamishwi kwenye mteremko mtu akaenda kunywa chai.

Kileleni kuna handaki la mita 576. Beba tochi ya kweli, si ya simu. Ndani maji yanadondoka shingoni na baridi yake inamshangaza mtu wa Mombasa hata mwezi wa Januari, ambao kule ni kiangazi.

Ukitoka, mteremko. Hapa mimi fundi nilifanya kosa la mwanafunzi. Nilishika breki ya nyuma na kuing'ang'ania bila kuiachia, mpaka mkwe wangu akapaza sauti nyuma yangu: "Baba, unanuka!" Ilikuwa pedi. Zilikuwa zimeungua, zimekuwa laini kama kioo, na breki haikushika tena vizuri hadi chini. Shika kwa nguvu kidogo, achia ipoe, shika tena. Treni za Fell zenyewe ziliteremka na mabehewa maalumu ya breki yaliyoibana ile reli ya katikati, na vyuma vyake vya breki vililiwa upesi mno.

Katikati ya mteremko kuna kona iitwayo Siberia. Kusi letu ni upepo wa kukausha nguo ukilinganisha na wa pale. Septemba 1880 upepo uliyasukuma mabehewa ya abiria nje ya reli, yakaning'inia kwenye tuta, watoto walikufa. Injini ndiyo iliyoyazuia yasiporomoke, kwa kuwa ilikuwa imeing'ata reli ya katikati. Nilishuka nikakokota baiskeli. Mjukuu akanicheka, kisha upepo ukamchukulia kofia, naye akashuka.

Nirudi kwa yule kijana. Mazeras reli bado zimelala, nami sishauri mtu aingie humo na baiskeli. Kokoto la reli limechongoka makusudi ili ling'ang'aniane, na tairi lako halitalipenda. Lakini kama siku moja wataamua kuzing'oa, ombi langu ni moja: wasiguse tuta wala mitaro yake ya maji. Chuma kinaweza kuuzwa. Ule mwinuko ulipimwa hatua kwa hatua, na ukishachimbwa na tingatinga haurudi.

Kutoka Featherston tulirudi kwa treni, baiskeli zimefungwa kwenye behewa. Mlima tulioumaliza kwa nusu siku ulipita juu ya vichwa vyetu gizani kwa dakika chache, na mjukuu alikuwa amelala.