Kosmos 2024 haikurushwa mwaka 2024

Kati ya setilaiti zote za Umoja wa Kisovieti, mapacha Etalon-1 na Etalon-2 ndio ninaowapenda zaidi, kwa hiyo huniuma nikisikia wakisemwa visivyo. Katika orodha rasmi wanaitwa Kosmos 1989 na Kosmos 2024.

"Namba hiyo ni mwaka." Hapana. Wote wawili walirushwa 1989 kutoka kituo cha kurushia roketi cha Baikonur, mmoja Januari 10, mwingine Mei 31, kila mmoja akipanda roketi ya Proton pamoja na setilaiti mbili za GLONASS, mfumo wa Kisovieti wa kuonyesha mahali na njia kama GPS. Namba ni ya mfululizo wa setilaiti za Kisovieti ziitwazo Kosmos, ulioanza 1962. Namba ya Etalon-1, 1989, kufanana na mwaka wa kurushwa kwake ni sadfa tu.

"Ni mitambo ya kijasusi yenye kamera." Etalon haina kamera, redio wala betri. Ni tufe lenye kipenyo cha mita 1.29 na uzito wa kilo 1,415, limefunikwa viakisi zaidi ya 2,000. Ukimulika kwa tochi kile kiakisi chekundu cha nyuma ya baiskeli, mwanga unakurudia wewe mwenye tochi, hata kama baiskeli imeegeshwa kimshazari. Siri ni vijikona vyake: mwanga ukigonga pande tatu za kona hurudi ulikotoka. Etalon inafanya kazi hiyohiyo. Kituo cha ardhini hurusha mmweko wa leza, ukarudi baada ya takriban sekunde 0.13 setilaiti ikiwa utosini, na kwa muda huo umbali hujulikana kwa usahihi wa sentimita. Wataalamu wa jiodesia, sayansi ya kupima Dunia, huvitumia vipimo hivyo kujua jinsi Dunia inavyojizungusha na ncha zake zinavyoyumba.

"Zilikufa pamoja na Umoja wa Kisovieti, 1991." Kisichowaka kitazimikaje? Vituo vya leza vya nchi mbalimbali vimeendelea kuzipima miaka yote hii.

"Zitatuangukia karibuni." Zipo kilomita 19,100 hivi juu yetu, katika njia ya karibu duara kamili iliyoinama nyuzi 64.9 kutoka ikweta, na humaliza mzunguko kwa saa 11 na dakika 15 hivi. Kimo hicho hakina hewa ya kuzipunguza mwendo. Kinachozisumbua ni msukumo wa mwanga wa Jua. Ndiyo maana tufe likafanywa zito, lisisukumike ovyo. Hata hivyo, kila anayepiga hesabu ya njia yake lazima auhesabu msukumo huo.